Ndege Kumi na Mbili za Fedha

Jumamosi, 3 Agosti. Kitale.

Nimefungua kisanduku saa mbili asubuhi, kama kila Jumamosi. Mikono nimeosha, nimekausha. Zote kumi na mbili zipo. Nimebadilisha vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Muuzaji wa viatu sokoni huniwekea. Anadhani nina wazimu. Sarafu zenyewe sijazigusa. Baba alisema jasho la kidole linakula fedha, na alama ya kidole ikiingia haitoki.

Baluni. Ndege ya wale ndugu wawili, ya mbao na kitambaa. Ile ya kwanza kuvuka bahari bila kutua. Ndege ya majini, kama zile zilizokuwa zikitua ziwani Kisumu zamani. Helikopta. Ile nyembamba yenye pua ndefu iliyoshinda kasi ya sauti. Nyingine sita. Kila moja imefungiwa katika kifuniko chake cha plastiki, na kisanduku kina shimo la kila moja. Ukitoa moja, shimo linakutazama.

Baba alikuwa fundi wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani, katika uwanja mdogo hapa Kitale. Kapteni, mwenye ndege hizo, alimletea sarafu moja kutoka kwao kila Krismasi. Krismasi kumi na mbili. Baba mwenyewe hakuwahi kuruka. Aliwasha injini, akaisikiliza, akaizima, akanawa mikono. Na kila mwaka alilalamika kwamba hakuna aliyekumbuka kutengeneza sarafu ya ndege ya dawa. "Hizi zote ni za kwenda kutembea," alisema. "Ya kufanya kazi iko wapi?"

Mwezi wa nne alipokuja kulazwa aliniachia kisanduku. Alisema nimwekee mpaka atoke. Hakutoka. Tulimzika nyumbani Kamukuywa mwezi wa sita.

Jumamosi ijayo ukoo unagawa vitu vyake. Kila kitu cha marehemu huletwa uani, hata kijiko. Najua watakavyofanya na sarafu. Watatenda haki. Mtu mmoja, ndege moja. Zitaisha mifukoni pamoja na funguo na tumbaku.

Ni lazima nizipeleke. Sitaki.

Jumatano, 7 Agosti. Kitale.

Baba Mdogo Wanyonyi amepiga simu. Ni mdogo wake Baba, na sasa ndiye mwenye kauli nyumbani. Hakuniuliza hali. Nije Ijumaa kusaidia kupika, nibebe majani ya chai na vikombe. Hakutaja sarafu. Mimi pia sikutaja.

Nimetia kisanduku ndani ya begi. Nimekitoa. Nimekirudisha. Nimekitoa.

Jumapili, 11 Agosti. Kitale.

Nimerudi. Kisanduku kilibaki hapa, chini ya sweta zangu. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea.

Walitandika mkeka. Koti la Baba, redio, baiskeli, sanduku la spana, viatu vya mpira, kofia. Baba Mdogo alisimama juu ya vitu hivyo na orodha yake kichwani. Baiskeli ilipata mtu. Koti likapata mtu. Kisha akauliza, "Na zile pesa za ndege?"

Wote walimgeukia Mama Sharon. Ni mke wa Baba. Baba alimwoa mwaka mmoja baada ya mama yangu kufa. Sarafu zilikuwa zikikaa katika kabati la chumba chao, na ufunguo wa kabati anao yeye. Alilifungua mbele ya watu. Mlikuwa na blanketi, Biblia, na karatasi za hospitali.

"Sijui," alisema.

"Ati hujui? Unalala na kabati, unaamka na kabati, na hujui?"

Watu walicheka. Baba Mdogo hakucheka. Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Wanawe wawili. Jirani aliyelinda vitu wakati wa matanga. Fundi aliyetengeneza jeneza. Kukhu, nyanya yangu, ambaye hawezi kutembea bila kushikwa. Hata Sharon, mwenye miaka tisa, na mdogo wake Mercy, mwenye sita. Mercy alilia.

Mimi nilikuwa nikizunguka na sinia ya chai. Baba Mdogo alichukua kikombe kwenye sinia yangu, akanywa, akamuuliza mtu aliyesimama karibu nami. Akapita. Binti hagawiwi kitu, kwa hiyo hana haja ya kuficha kitu. Ndivyo wanavyofikiri. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji tu kushika sinia isitikisike.

Haikutikisika.

Jumatatu, 12 Agosti. Kitale.

Mimi si mwizi. Aliniachia mwenyewe.

Aliniachia nimwekee. Si kitu kimoja na kunipa. Najua tofauti.

Simpendi Mama Sharon. Niandike tu, hapa hakuna wa kusoma. Nilikuwa kidato cha pili alipoingia nyumbani kwetu na begi moja. Alipika katika sufuria za Mama. Hakunitendea ubaya wowote, na hilo nalo lilinikera. Karo ilipokosekana aliuza mbuzi wa kwake. Sikumshukuru. Nilimwangalia tu akimfungua kamba.

Alhamisi, 15 Agosti. Kitale.

Kukhu alimwomba jirani anipigie simu. Sauti yake ilikuwa mbali, anashika simu kama ndoo.

Baba Mdogo ameweka kufuli kwenye ghala. Mahindi ya Mama Sharon yamekauka shambani, na amekatazwa kuyavuna mpaka sarafu zirudi. Mke wa Baba Mdogo amekwenda kisimani na kusema mbele ya wanawake wote kwamba kuna mtu aliyemwangalia mume akifa huku akihesabu ndege.

Naona anachotaka Baba Mdogo. Ni shamba lile la chini, karibu na mto. Mama Sharon hana mtoto wa kiume. Baba Mdogo alikuwa akitafuta sababu, nami nimempa.

Nikizipeleka leo, mambo yanaisha. Ni safari fupi. Nimeandika sentensi hiyo halafu nimesahihisha mitihani ya fizikia mpaka saa kumi.

Jumapili, 18 Agosti. Kitale.

Walimwapisha Mama Sharon leo.

Niliitwa kama watu wengine wa nyumbani. Baada ya ibada tulisimama kando ya kaburi. Udongo bado haujakaa vizuri, mvua imeuchimba pembeni. Mzee wa ukoo alimwambia Mama Sharon avue viatu, apande juu, aseme. Ukiapa uongo ukiwa umekanyaga udongo wa mtu wako, huwezi tena kulala katika boma lake. Kila mmoja anajua hivyo. Mimi nimesoma fizikia chuo kikuu na bado nilirudi nyuma hatua moja.

Alivua champali. Akazipanga vizuri, moja kando ya nyingine, kama mlangoni mwa mtu. Akapanda.

"Sikuchukua kitu cha mume wangu. Kama nilichukua, anifuate."

Alisema bila kulia. Mke wa Baba Mdogo alicheka puani. "Si angalau ungetoa machozi kidogo, bana."

Halafu Mama Sharon akiwa bado juu ya kaburi alinitazama. "Nelima. Wewe ndiye ulikaa naye Kitale. Hakukwambia kitu juu ya zile sarafu?"

Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Ndiye mtu pekee.

Nilisema, "Hapana, Mama Sharon."

Nilijibu haraka. Aliendelea kunitazama muda kidogo. Kisha akashuka, akavaa champali zake.

Jumanne, 20 Agosti. Kitale.

Nakunywa chai ya rangi tu.

Nimefungua kisanduku ingawa si Jumamosi. Nilidhani nitazichukia. Sikuzichukia. Mwanga wa dirishani uliangukia ile ndege ya majini na maji chini yake yakawa kama yanatembea. Mtu fulani alichonga kila wimbi. Nilikaa saa nzima. Nazipenda kuliko ninavyopenda watu, na sasa ninajua bei ya hilo, na analipa mtu mwingine.

Nimejiambia nitazipeleka shule ikifunguliwa. Nimejiambia nizipige picha kwanza, pande zote mbili. Nimejiambia pengine Baba Mdogo atachoka. Sababu zangu zote ni safi, zimenyooka, na zote ni za woga.

Ijumaa, 23 Agosti. Kitale.

Sharon amenipigia kwa simu ya mama yake. Alinong'ona.

"Dada, wameng'oa mlango."

"Mlango gani?"

"Wetu. Baba Mdogo amesema ni wa marehemu. Tumeweka shuka."

Nikamwuliza mama yake yuko wapi. Anafunga vyombo. Wameambiwa watoke kufikia Jumapili. Akaniuliza kama Malakisi kuna shule. Ndiko kwa wazazi wa mama yake. Nikasema ipo. Akasema, "Haya," kama mtu mzima, akakata.

Naenda kesho. Naandika ili nisiweze kusema sikuamua.

Jumamosi, 24 Agosti. Kamukuywa.

Naandika nikiwa nyumbani kwa Kukhu, mchana. Nitaandika yote.

Nilifika saa nne. Baba Mdogo alikuwa uani na wanawe, wazee watatu na wanaume wengine wa ukoo. Mama Sharon alikuwa akikunja godoro upande ule mwingine. Mlangoni pake shuka ya maua ilikuwa ikipepea. Niliweka kisanduku mezani, nikakifungua.

Walisogea karibu. Kweli zinapendeza. Hata Baba Mdogo alivua kofia.

"Umezipata wapi?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno. "Ninazo tangu mwezi wa nne. Baba aliniachia Kitale alipokuja kulazwa. Zilikuwa kwangu siku ya kugawa. Zilikuwa kwangu siku ya kiapo. Mama Sharon hajui lolote. Mimi ndiye nilinyamaza."

Nilingoja kupigwa. Nilitaka kupigwa.

Baba Mdogo aliwatazama wazee, halafu akatabasamu. Tabasamu la upole. Sijawahi kuliona kwake.

"Mtoto mzuri," alisema. "Mnamwona? Anambebea lawama mama yake wa kambo."

"Simbebei. Nasema kweli."

"Nelima, wewe ni msichana wa kuolewa. Mzee akuachie wewe mali ya nyumba hii, ukaolewe nayo? Kaka yangu hakuwa mjinga. Huyu mwanamke alikupa ufiche. Leo dhamiri imekusumbua. Sawa. Hatukukasirikii."

"Niko na akili zangu. Nilizichukua mimi!"

"Ili ufanyie nini?" akauliza mzee mmoja. Aliuliza kwa kweli, alitaka kujua.

Nilifungua mdomo. Ili nizitazame. Hilo ndilo jibu, na sikuweza kulisema pale na likasikika kama jibu. Nikasema, "Zikae pamoja." Wakatikisa vichwa kwa huruma.

Kisha yule mzee akasema jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja wiki zote hizi. Kwamba sasa ni wazi mwanamke aliapa uongo juu ya kaburi. Kwamba hakuna Jumapili tena. Atoke leo, kabla jua halijashuka, na watoto wake.

Nilipiga kelele. Nilimshika Baba Mdogo mkono. Nilisema waende hospitali wakaulize nesi aliyemuuguza Baba, waulize muuzaji wa viatu, waulize yeyote. Mke wa Baba Mdogo alinikumbatia kwa nguvu kutoka nyuma. "Pole, mama, pole. Amekuchanganya kichwa, huyo." Nilinusa moshi na sabuni kwenye kanga yake.

Mama Sharon alikuwa amesikia yote. Hatua kumi, haizidi. Alimaliza kufunga kamba ya godoro, akajaribu fundo kama limekaza.

Wakaanza kugawa. Vifuniko vya plastiki vilikataa kufunguka, wakavifungua kwa kisu. Mwana wa kwanza wa Baba Mdogo aliuma ile ya ndugu wawili. Mwingine aliisugua helikopta kwenye suruali ili ing'ae. Mzee mmoja aliuliza kama inaweza kununua kitu Webuye. Mtu mmoja, ndege moja. Walikuwa waangalifu sana, hakuna aliyepata mbili. Baba Mdogo alichukua ile iliyoshinda kasi ya sauti, akaitia katika mfuko wa shati pamoja na kalamu.

Ilibaki moja. Baba Mdogo alinifungulia kiganja mwenyewe, akaiweka. "Hii ni yako. Kwa ukweli wako."

Ni baluni. Ina alama ya kidole chake katikati.

Wamekwishaondoka. Mama Sharon alipita mbele ya nyumba ya Kukhu na begi kichwani, Mercy mgongoni. Sharon alibeba kuku. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kumwita na sikujua kwa jina gani.

Kukhu yuko kitandani, amegeukia ukuta. Amesema jambo moja tu tangu asubuhi. "Ungenyamaza ingekuwa vibaya. Umesema, imekuwa vibaya zaidi. Sasa kaa ule."

Jumatatu, 26 Agosti. Kitale.

Shule imefunguliwa. Nimefundisha kidato cha pili msukumo na nguvu. Msichana mmoja aliuliza swali zuri nikamjibu vibaya. Nimemwomba radhi. Darasa zima lilishangaa.

Kisanduku walikichukua. Mke wa Baba Mdogo atawekea vitana.

Alhamisi, 29 Agosti. Kitale.

Nimemwandikia chifu barua, kurasa mbili, kwa majina na tarehe. Nimempelekea nakala mzee wa kijiji. Nimeandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa na sarafu na kwamba nilisema uongo mbele ya mashahidi. Karani wa chifu alinipigia jioni. Ana adabu sana. Ameniuliza kama kuna mtu ananilazimisha.

Jumanne, 3 Septemba. Kitale.

Chifu amesema ni mambo ya familia. Tuyamalize nyumbani.

Baba Mdogo ameshalima shamba la chini. Hata hakungoja mabua yaondolewe.

Jumamosi, 7 Septemba. Malakisi.

Niliwapata bila shida. Nyumba ya wazazi wake iko nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Kila mtu alikuwa kazini chini ya kivuli cha bati, wakitunga majani mabichi kwenye fito. Harufu inaingia kooni na kukaa.

Mama Sharon aliniona. Akasogea kidogo kwenye gunia alilokalia. Sikujua kama ananipa nafasi au anajiweka sawa. Nilikaa. Akanipa uzi na rundo la majani. Akanionyesha mara moja: majani mawili mawili, migongo ikitazamana, uzi uvuke fito, kaza. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi na vya kunata kabla sijamaliza ufito wa kwanza.

Nilitoa baluni, nikaiweka kwenye gunia kati yetu. Aliitazama. "Peleka kwenu," alisema. Nikairudisha mfukoni.

Tulifanya kazi muda mrefu. Baadaye nilisema niliyokuja kusema. Kwamba nililijua kila jambo tangu mwanzo, kwamba nilisema hapana nikiwa nazo, kwamba sikuwa na sababu inayofaa kutajwa. Hakuacha kutunga.

"Mzee aliniambia," alisema.

Sikuelewa.

"Wiki ile ya kwanza alipolazwa. Alinipigia, akasema sarafu ziko kwa Nelima, nisihangaike kuzitafuta. Siku ile ya mkeka nilijua umenyamaza makusudi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Aliuma uzi, akaukata.

"Niseme nini? Mimi mama wa kambo, niseme mtoto wa mwenzangu aliyekufa ameiba? Wangenitoa siku hiyo hiyo." Akachukua majani mengine. "Na nilifikiri utasema. Nilikuuliza pale juu ili usiwe na shida ya kuanza."

Hakuwa na hasira. Ningeweza kuikabili hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia.

Nilisema nitaendelea kuwaandikia wakubwa. Nilisema nitalipa karo ya Sharon na Mercy, kila muhula, mpaka watakapomaliza. Akasema karo ilipwe shuleni moja kwa moja, nisimpe yeye. Nikakubali. Ameniambia jina la shule. Hayo ndiyo tuliyopatana, hakuna mengine.

Rundo liliisha saa tisa. Walinipa ugali na mboga. Sharon alikaa karibu nami akala, akanieleza habari za shule. Ameanza masomo, mwalimu amemweka mbele kwa sababu haoni vizuri ubaoni, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelitambua.

Niliposimama kuaga nilipeana mkono na wazee wote. Mama Sharon alikuwa ameanza rundo jingine. Sharon aliinuka anisindikize. Mama yake akamwambia akae.

Nilitembea peke yangu mpaka barabarani.